Clonezilla: imenirudishia kompyuta yangu kama nilivyoiacha

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Kompyuta ninayofanyia kazi hiyo ina programu ambayo kampuni iliyoitengeneza iliacha kuihudumia zamani. CD yake ya kusakinishia ninayo hadi leo, lakini seva iliyokuwa inathibitisha namba ya leseni ilishazimwa, kwa hiyo programu ikifutika kwenye diski, imekwenda. Ndani yake mna fonti nilizokusanya kwa miaka, mitindo ya aya niliyoitengeneza moja moja, na vipimo vya pambizo ambavyo mkono wangu umevizoea. Mtu akiniambia "piga Windows upya, dakika ishirini unamaliza", namwelewa, lakini kwangu kupiga Windows upya ni kuanza maisha mapya kazini.

Ndiyo maana naiandikia Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, mapitio haya. Nimeitumia siku ambayo sikuwa na pa kwenda pengine, nikabadilisha diski, na kompyuta ikawaka ikiwa ileile.

Nianze na dalili, maana kuna mtu atasoma hapa diski yake ikiwa katika hali hiyohiyo. Siku mbili tatu kompyuta ilikuwa ikiganda kila nikifungua folda fulani, halafu inaachia. Nikadhani ni virusi. Siku ya tatu nikaanza kusikia sauti: tak, tak, kimya, tak. Nikampigia mtoto wa kaka yangu, ambaye hufanya kazi ya kutengeneza kompyuta, nikaisogeza simu karibu na mashine asikie.

"Shangazi, hiyo diski inakufa. Zima sasa hivi."

"Nizime na kazi ya wiki tatu iko humo?"

"Kazi itatoka, inshallah. Lakini kila dakika inayozunguka ndivyo inavyozidi kujiumiza. Zima kwanza, tuzungumze baadaye."

Nikazima. Alipokuja jioni aliiunganisha na mashine yake na kunionyesha ripoti ya SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski yenyewe hujiandikia kuhusu afya yake. Akaniambia nisihangaike na orodha yote, nitazame kipengele namba 5, kinachohesabu sekta, yaani vijisehemu vidogo vya diski, zilizoharibika na kuhamishiwa kwenye akiba, na namba 197, kinachohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. Kwenye diski yenye afya vyote viwili huwa sifuri. Yangu ilikuwa na 312 kwenye namba 197. Kama hujawahi kuzitazama namba hizi kwenye diski yako, zitazame leo.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimechukua picha ya diski nzima, yaani nakala ya kila kilichomo, kwa Clonezilla. Sikuwa na sababu maalumu. Nilikuwa nimemaliza kitabu kikubwa na nikaona ni vizuri. Picha hiyo ilikuwa kwenye diski ya nje, ndani ya kabati.

Clonezilla ni programu ya bure, inayotengenezwa katika kituo cha taifa cha Taiwan cha kompyuta zenye nguvu kubwa, na msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL. Haisakinishwi kwenye kompyuta. Unaipakua, unaiandika kwenye fleshi, unawasha kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo, na inafanya kazi Windows ikiwa imelala kabisa. Kazi zake kuu ni mbili: kuichukua diski nzima na kuihifadhi kama folda yenye mafaili, au kuimwaga moja kwa moja kwenye diski nyingine. Kinachonipendeza ni kwamba inaujua mfumo wa mafaili inaoukuta. Ikikuta NTFS ya Windows, au ext4 ya Linux, inanakili sehemu zenye kitu na kuruka zilizo tupu. Diski yangu ni ya GB 500, iliyotumika ilikuwa GB 186, na picha baada ya kubanwa ilikuwa GB 104. Picha yenyewe inaweza kukatwa vipandevipande visivyozidi GB 4, ili hata diski ya nje iliyoumbizwa kwa FAT32 iweze kuvibeba.

Sasa nije kwenye kosa langu, ambalo naona watu wengi watalifanya. Nilikwenda kununua diski mpya nikiwa na wazo moja: nilikuwa na ya kuzunguka ya 500, nichukue SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, inayokaribia hapo. Nikachukua ya GB 480. Nikajiambia, nimetumia 186 tu, itajaa vipi?

Clonezilla ikakataa, na ilikuwa na haki. Diski ya GB 500 ina baiti 500,107,862,016. Ya 480 ina baiti 480,103,981,056. Programu hii haitazami ni kiasi gani umetumia. Inatazama patisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, ilikuwa na ukubwa gani, na patisheni ya zamani inaishia mahali ambapo diski mpya haifiki. Ni kama kitanda cha futi sita kwenye chumba cha futi tano: hata kama anayelala ni mtoto, kitanda hakiingii. Kuna njia ya kuzunguka, nayo ni kuifinya patisheni kwenye diski ya zamani kabla ya kuchukua picha, lakini diski yangu ya zamani ilikuwa inagonga na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeiamuru ihamishe mafaili. Nikairudisha ile ya 480 na kuchukua ya TB 1. Kwa hiyo nawaomba: diski mpya iwe sawa na ya zamani kwa baiti, au izidi. Usikubali "karibu sawa".

Siku ya kurudisha, mpwa wangu alikaa pembeni lakini alikataa kushika kibodi. Alisema nikifanya mwenyewe sitasahau. Alifungua mfuniko kwa bisibisi ndogo, akachomoa diski ya zamani, akaipa mpya nafasi yake, na ile ya zamani akaiweka ndani ya soksi mezani, mbali na mashine. Hilo la kuiweka mbali lina sababu. Clonezilla hunakili hata vitambulisho vya ndani vya diski, na Windows ikikuta diski mbili zenye kitambulisho kimoja kwenye mashine moja, moja huizima, na huna hakika itazima ipi.

Ukiwasha kutoka kwenye fleshi unakuta skrini ya maandishi matupu, ya bluu na kijivu. Kipanya hakina kazi. Unatembea kwa mishale, unatia alama kwa kitufe cha nafasi, unathibitisha kwa Enter. Inakuuliza maswali kumi hivi: lugha, kibodi, unataka picha au diski kwa diski, picha iko wapi, unataka hali ya anayeanza au ya mtaalamu. Nilichagua ya anayeanza. Kisha inakuuliza kama unahifadhi au unarudisha, na hapo ndipo mkono uende polepole, kwa sababu neno la kuhifadhi diski na la kurudisha diski yamepangwa kwenye orodha moja, na ukikosea mwelekeo unaweza kufuta kile ulichokuja kukiokoa.

Halafu inakuja orodha ya diski. Zinaitwa sda, sdb na kuendelea, na majina hayo hayana uaminifu. Leo diski ya nje inaweza kuwa sdb, kesho sda, kutegemea ipi imewahi kuonekana. Ila mbele ya kila jina kuna ukubwa, modeli, na namba ya utambulisho ya diski. Kabla ya kufunga mfuniko tulikuwa tumeandika namba iliyo kwenye lebo ya diski mpya. Mpwa wangu akashika karatasi.

"Nisomee, Shangazi."

Nikamsomea herufi kwa herufi, akawa anafuata kwa kalamu. Tulipofika mwisho akasema, "Ndiyo yenyewe. Endelea."

Inauliza mara mbili kama una hakika. Mara mbili kweli, kwa maandishi ya rangi ya onyo, ikikuonyesha diski itakayofutwa na patisheni zilizomo. Wapo wanaolalamika kwamba inauliza sana. Mimi nilishukuru. Kati ya swali la kwanza na la pili niliirudia namba ile tena.

Baada ya hapo ni kutazama mistari miwili ikijaa. Patisheni ya kwanza, ile ndogo ya kuwashia ya MB 100, inapita kabla hujapepesa. Inakuja ile ya akiba ya Microsoft ya MB 16, halafu ile kubwa yenye Windows na kila kitu changu. Dakika 40 kwa ujumla, kwa kebo ya USB 3. Nilisali Isha inaendelea, niliporudi ilikuwa kwenye patisheni ya mwisho, ile ya ukarabati.

Nikachomoa fleshi, nikawasha. Windows ikafunguka. Picha ya mezani ileile, faili zilezile zilizotapakaa, na programu yangu ya kurasa ikafunguka bila kuuliza namba ya leseni. Sitaficha kwamba nililia kidogo.

Kuhusu leseni ya Windows yenyewe, nilikuwa na hofu isiyo na msingi. Tangu Windows 10, leseni ya kidijitali hufungwa zaidi kwenye bodi kuu ya kompyuta. Kubadilisha diski hakuivunji. Nilifungua mipangilio, nikakuta imeandikwa kwamba imethibitishwa.

Jambo moja lilinisumbua baada ya hapo. Diski ni ya TB 1, lakini Windows ilikuwa inaona GB 465 tu, ukubwa wa diski ya zamani kwa hesabu yake. Nusu nzima ilikuwa nafasi isiyogawiwa, na nikijaribu kuipanua C, chaguo la kupanua limefifia, halibonyezeki. Sababu ni kwamba ile patisheni ndogo ya ukarabati imekaa katikati, baada ya C na kabla ya nafasi tupu, na Windows hupanua kuelekea kulia tu, kwenye nafasi inayogusana. Ilibidi niwashe kompyuta kwa GParted, programu ya bure ya kupanga patisheni, niisukume patisheni ya ukarabati hadi mwisho wa diski, kisha niinyooshe C. Kazi ya robo saa. Clonezilla ina chaguo la kuzitanua patisheni kwa uwiano wakati wa kurudisha, lakini nilipendelea kwanza irudi kama ilivyokuwa, iwake, ndipo niguse ukubwa. Mambo mawili ya hatari sipendi kuyafanya usiku mmoja.

Wiki tatu ambazo hazikuwa kwenye picha zilipatikana kwa njia nyingine, na ni haki niitaje: GNU ddrescue, ambayo imo ndani ya fleshi ya SystemRescue, mkusanyiko wa zana za uokoaji. Hii ndiyo ya diski mgonjwa. Inapita kwanza ikichukua kila kinachosomeka kwa urahisi, inaruka palipoharibika, kisha inarudi taratibu kwenye majeraha. Na inaandika ramani ya ilipofika, hivyo ukikatisha, unaendelea ulipoachia. Tuliiacha ifanye kazi usiku kucha, ikinakili kwenda kwenye diski ya nje. Faili mbili tu hazikusomeka, na zote zilikuwa rasimu ambazo nilishazituma kwa barua pepe. Ningejaribu kufungua folda na kunakili kwa mkono kama nilivyotaka siku ya kwanza, naamini diski ingefia njiani.

Mapungufu ya Clonezilla yapo na mnunuzi, kama naweza kuliita hivyo jambo la bure, ayajue. Haichukui picha ukiwa unafanya kazi, lazima uzime. Haina nakala ya nyongeza, ile inayochukua kilichobadilika tu. Kila mara ni diski au patisheni nzima. Na huwezi kufungua picha ukachomoa faili moja, ni kuirudisha yote mahali fulani. Kwa hiyo haiwezi kuwa nakala yako ya kila siku. Kazi zangu za kila siku sasa zinanakiliwa kando kila jioni, na Clonezilla inabaki na kazi yake ya kuushika mfumo wenyewe.

Patisheni ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, programu haioni kilicho ndani, basi inalazimika kunakili sekta kwa sekta, tupu na isiyo tupu, na picha inaweza kuwa kubwa karibu kama patisheni yenyewe. Laptopu nyingi siku hizi huja zimefungwa hivyo bila mwenyewe kujua. Tafuta ule ufunguo wako wa tarakimu 48 kabla ya kugusa bisibisi, uandike kwenye karatasi.

Na ukienda kuchukua picha, zima kompyuta kweli. Windows ya siku hizi ukibonyeza kuzima hailali yote. Huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye faili ili kesho iamke haraka, na diski inabaki katika hali ya nusu usingizi. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza kuzima, itazima kabisa. Mimi picha yangu ya kwanza kabisa iligoma kwa sababu hiyo, na ujumbe wa kosa ulikuwa mrefu na wa kutisha kuliko tatizo lenyewe.

Kama huna picha na diski imeshakufa, Clonezilla haina cha kukusaidia. Hapo ni kupiga Windows upya: kwenye kompyuta nyingine unatengeneza fleshi ya GB 8 au zaidi kwa kifaa rasmi cha Microsoft, na laptopu zilizokuja na Windows 8 kuendelea huwa na namba ya leseni ndani ya bodi, kisakinishi kinaisoma chenyewe. Usitegemee ile patisheni ya ukarabati ya kiwandani, maana ilikuwa kwenye diski uliyoitupa. Kisakinishi kikikuambia hakioni diski yoyote wakati ipo, mara nyingi kinakosa draiva, yaani programu ndogo ya kukiendesha kidhibiti cha diski. Ipakue kwa mtengenezaji wa laptopu, iweke kwenye fleshi, uipakie kutoka hapohapo kwenye ukurasa wa kuchagua diski. Na aliyehama kutoka diski ya SATA, muunganisho wa zamani, kwenda ya NVMe, ule mpya wa kasi, kwa kunakili, akakutana na skrini ya bluu inayosema diski ya kuwashia haifikiki, aiwashe mara moja katika hali salama; mara nyingi Windows huipata draiva yake hapo na kuwaka kawaida baadaye.

Naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya ile orodha inayoweka kuhifadhi na kurudisha jirani. Mtu aliyechoka, saa sita usiku, ameogopa, ndiye hasa anayefika kwenye skrini ile, na ningetaka watengenezaji wamfikirie yeye.

Picha mpya nimeichukua Jumamosi, dakika 35, na ilipomaliza nikakubali iikague kama inaweza kurudishwa. Fleshi nimeibandika lebo, karatasi ya namba za diski nimeikunja nikaifunga nayo kwa mpira, vyote viko kwenye kabati lilelile. Mpwa wangu ameiomba ile diski ya zamani aifungue aone sumaku. Nimemwambia asubiri mwezi mmoja.